Mashini Ambazo Hazimo Ndani ya Miti Yako

Kavira, mutoto wa dada yangu, Dokta wetu,

Ni mimi, mujomba wako Kasereka. Utaona mwandiko ni mubaya, mistari inapanda kama njia ya Masisi, lakini vumilia. Niliacha shule mapema, unajua, walimu walishindwa na mimi. Leo mudomo peke yake haunitoshi na mutu wa kumwambia haya sina. Mama yako siwezi kumwambia, ataanguka. Bibi yangu wa ndoa nimemutuma kwa kaka zake Kiwanja, nikamudanganya kwamba nataka anitafutie mbao. Neema, musaidizi wako wa pori, anajua nusu tu. Basi nakuandikia wewe, kwa sababu wewe hawawezi kukufanya kitu tena.

Niko naogopa, Kavira.

Umesikia vizuri. Mimi niliyeshuka na chukudu, kile kigari changu cha mbao cha magurudumu mawili, mbele ya lava, nyanya yako amekaa juu ya mizigo, cherehani yake nyuma, wewe unakimbia kando umeshika sufuria, na lava ikatufuata mpaka Majengo, ikaona mimi sichoki, ikapinda. Watu wote wa Goma wameisikia hadithi hiyo, na wewe mwenyewe ulikuwa unaitikia, "Ndiyo, nilikuwepo." Lakini siku hizi nikisikia pikipiki inapunguza mwendo mbele ya atelye yangu ninapochongea chukudu, naacha musumari nusu, nasikiliza mpaka ipite. Jana mteja mmoja aliweka mukono begani kwangu kunisalimia, nikaangusha nyundo. Akacheka. Nikacheka na mimi. Nilienda nyuma ya rundo la mbao nikakaa chini mpaka akaondoka.

Nikupe kwanza habari za nyumbani. Mama yako yuko Katoyi, bado anamwagilia miche yako nyuma ya nyumba. Anaongea nayo. Ile ya majani mapana imeanza kupita urefu wa ukuta, mizizi yake imeingia ndani ya mawe meusi ya volkano kama ulivyosema itaingia, na mimi nilibisha. Ndege za abiria hazitui tena hapa, uwanja umefungwa. Mama yako anasema kelele zile alizozilaani miaka yote, sasa ukimya wake unamunyima usingizi. Muji una wakubwa wengine na barabara zina vizuizi vingine, na mutu anajifunza upya ni nani wa kusalimia kwanza. Kaburi lako tulilichimba kwa taabu, mwamba tupu, lakini tulilichimba. Homa ile uliyoshuka nayo kutoka mulimani haikutupa hata nafasi ya kugombana na waganga.

Sasa nikueleze kilichotokea, toka mwanzo, ili usinikatie hukumu katikati.

Unakumbuka siku uliyokuja atelye kuomba resori, hizi springi zangu za chuma? Ulikuwa umetoka masomoni Ulaya, wenzako wote walibaki kule, wewe ukarudi na viatu vya tope. Ulikaa juu ya gogo nililokuwa nachonga, ukaniambia unataka kujua kilima kilichokatwa miti kwa ajili ya makala, haya makaa ya kupikia, kinahitaji muda gani kurudi kuwa pori. Nikakuambia, uliza mimi, nimeona vilima vingi vikikatwa. Ukasema, "Mujomba, kukatwa tumekuona wote. Nataka kuona kurudi." Ukanieleza kwamba utavisha kila muti mukaba, yaani mukanda wa bati jembamba, na mukaba utafungwa na resori, ili muti ukinenepa, resori inavutika, na wewe unapima mwanya. Nikakutolea resori yangu nzuri ya chukudu, ile inayobeba mifuko ya viazi kutoka juu kabisa. Uliivuta, haikusogea. Ulisema, "Hii itaukaba muti, Mujomba. Muti hauna haraka. Kwa mwaka mzima unaongeza unene wa ukucha." Ndipo nikavunja viti vya baiskeli za zamani, nikakukatia resori zile ndogo za chini ya kiti. Miti yote ya kilima chako ilivaa viti vya baiskeli vya Majengo. Nilijisifu kwa jambo hilo mpaka watu wakanikimbia.

Na siku tulipopanda pamoja kufunga ile mikaba ya mwanzo, wachoma makala walitukuta. Wewe ukaanza kuwaeleza, kwa upole, kwamba hii ndiyo miti mama, ndiyo inayomwaga mbegu kwa kilima chote, ikikatwa, hata watu wakiondoka, pori halitarudi kwa maisha yetu. Walikuwa wanakuitikia, "Ndiyo Dokta, ndiyo Dokta," huku macho yao yanapima kila muti utatoa mifuko mingapi. Mimi niliwaona. Hao watu nawajua, nabeba makala yao. Nikaingilia. Nikawaambia mikaba hiyo ni mashini ya Ulaya, inaona mutu, inachukua sura yake, inaituma juu. Wote wakatazama juu. Hata mimi nilitazama.

Ulinuna njia yote ya kushuka. Ulisema, "Siku moja watataka kuiona hiyo mashini." Lakini tulipofika kwa yule mama wa chapati, ulianza kucheka peke yako mpaka chai ikakutoka puani. Na hakuna aliyegusa miti ile tena. Hakuna. Kilima cha pembeni kilinyolewa chote, cha kwako kikabaki na nywele.

Basi, ukafa.

Kwenye kilio, kama desturi yetu, upande wa mama unasemewa na mujomba. Chini ya ile bashi, turubai ya buluu, walitangulia maprofesa wako, wakasema kwa Kifaransa kirefu, mambo ya kweli nafikiri, lakini nilitazama watu wa Katoyi na wa Majengo, wale waliokuona ukipita na viatu vyako vya tope, nikaona wanasinzia. Wanakuzika bila kujua wanazika nani. Iliniuma, Kavira. Nilipopewa neno, nilitaka wakujue. Nikawaambia umepanda milima ambayo askari wanaiogopa. Nikawaambia miti inakuita kwa jina. Na nikafika kwenye mashini. Nikasema kila mashini iliyo ndani ya mukaba inashinda gari la jeep kwa bei, na ziko kule juu mpaka leo, zinakesha, hata mwenyewe akilala. Watu wakaamka. Mama mmoja akapiga vigelegele katikati ya kilio. Nilikaa chini nikijiona nimekuzika vizuri.

Katika viti vya nyuma kulikuwa na mwanaume mwenye koti la ngozi. Chakula kilipopita, hakula.

Alikuja atelye wiki hiyo hiyo. Mupole sana. Hiyo ndiyo inanitisha, upole wake. Alisema, "Pole na musiba, Muzee." Akapapasa chukudu niliyokuwa namalizia, akaisifu, akauliza mbao nimeitoa wapi. Halafu akasema, "Wakubwa wangu wamesikia juu ya mashini za Dokta. Wanaona si vizuri vitu vya thamani vibaki porini, wakati huu wa vita." Nikacheka, nikamwambia, mukubwa, yale yalikuwa maneno ya kilio, mutu anampamba marehemu wake. Akacheka pia. Akasema, "Nimekuelewa, Muzee." Akaenda.

Sikumuelewa mimi.

Neema ndiye aliyenipigia telefone. Alikuwa analia, akisema, "Papa Kasereka, wamemupasua Koko." Nilifikiri ni nyanya yake, maana koko kwetu ni nyanya. Kumbe ni ule muti wako mukubwa wa gamba jeusi, uliokuwa unauita Koko, ule ulioweka sikio lako kwake siku tuliyopanda. Hawakuukata wauchome makala. Waliuangusha, wakaupasua kwa urefu, kutoka shina mpaka matawi, kipande kwa kipande, kama mutu anayetafuta mufupa ndani ya samaki. Makala hawakuchoma hata kidogo. Waliacha mbao zote chini, zinanuka.

Siku iliyofuata yule wa koti la ngozi akarudi. Aliweka mukaba wa Koko juu ya meza yangu, na resori yake. Akasema, "Hii ni kifuniko. Mashini yenyewe iko wapi?"

Nikaona sasa lazima niseme kweli, na kweli nilikuwa nayo mukononi. Nilitoa kiti cha baiskeli nyuma ya mulango, nikakigeuza mbele yake, nikang'oa resori, nikaiweka kando ya ile ya Koko. Ndugu moja, mama moja. Nikamwambia, tazama, ni mimi niliyezikata, kwa koleo hii, hakuna mashini, haijawahi kuwepo. Alizitazama zote mbili muda murefu. Halafu akatabasamu kama mutu aliyepewa fumbo la watoto.

"Muzee," akaniambia, "wewe ni mutu wa akili. Dokta muzima, amesoma mpaka Ulaya, apande mulima kila mwezi, anyeshewe, augue, afe, kwa ajili ya kiti cha baiskeli?"

Ningemupa jibu gani, Kavira, la kumutosha? Kwamba ulikuwa unapanda kwa ajili ya unene wa ukucha? Ukisema hivyo kwa mutu asiyekujua, inasikika kama uongo mukubwa kuliko wa kwangu.

Nilipanda kwa Neema. Nilimwambia tutoe mikaba yote, miti ibaki miti tu, kisha nimupelekee yule bwana mikaba yote aivunje mwenyewe mpaka atosheke. Neema alikaa chini kwenye majani. Halafu akasema, "Papa, mukaba ukitoka, vipimo vya Dokta vinakatika hapo. Huwezi kuurudisha uendelee kama zamani. Miaka yote inaisha leo." Nikamwambia najua. Sikujua vizuri, lakini nilijua uso wake. Akainuka, akasema, "Basi nipime mara ya mwisho." Alipima kila muti, akaandika, mimi nikakata nyuma yake. Alikuwa anapima polepole kupita kiasi na mimi sikumuharakisha, ingawa masikio yangu yalikuwa bondeni, kila kuni iliyovunjika nilidhani ni wao. Chini ya kila mukaba gamba lilikuwa jeupe kidogo, limezunguka shina lote, kama pale pete inapokaa kwenye kidole cha mujane. Neema alikuwa anapitisha kidole pale kabla ya kwenda kwa mwingine.

Nilishusha mikaba yote kwa chukudu, nimeifunika na majani ya muhogo. Nikamutuma mutu amwite yule bwana. Alikuja na wawili ambao hawakusalimia. Walivunja moja moja kwenye sakafu yangu. Walikunja bati, walivuta resori, mmoja aliuma resori kwa meno. Mimi nilisimama karibu na mulango, nikiomba watosheke. Walipomaliza, yule wa koti akajipangusa mikono, akasema kwa upole wake, "Basi ziko ndani ya miti yenyewe. Jumatatu tunapanda na misumeno ya mota. Tutafungua yote."

Yote, Kavira. Wewe uliniambia kilima hicho kina miti mama michache tu, na kwamba vilima vya jirani vinakula mbegu kutoka kwake. Koko peke yake ilinitosha kuona watafanya nini.

Sikupanga kusema. Mudomo ulifunguka wenyewe, kama unavyonijua. Nikamwambia, "Msijisumbue. Ndani ya miti hamna kitu. Nilizitoa mimi, kabla ya maziko. Nilijua watu watakuja."

Alisimama. Kwa mara ya kwanza hakutabasamu. Na aliniamini, mutoto wangu, palepale. Resori mbili zinazofanana nilimuwekea mbele ya macho akakataa. Maneno yasiyo na kitu nyuma yake akayameza bila maji. Akauliza, "Ziko wapi?" Nikasema haziko Goma, nimezipeleka mbali, kwa mutu ambaye hatazitoa kwa mwingine yeyote, na barabara zikiwa hivi haiwezekani kuzileta mpaka mvua zipungue. Nilisema jina la kijiji ambacho sikijui kama kipo. Mmoja wa wale wawili akataka kunishika shati. Yule wa koti akamuzuia, akasema, "Muzee hatakimbia. Ana familia Katoyi."

Familia ya Katoyi ni mama yako.

Basi ndivyo nilivyo sasa. Miti hawaiangalii tena. Neema anasema hakuna aliyepanda tangu siku hiyo, wamerudi kuniangalia mimi. Kuna pikipiki inakaa ng'ambo ya barabara toka asubuhi, dereva anakula karanga, habebi abiria. Nikienda sokoni, inakwenda. Nikienda misa, inangoja nje, na padri akisema nendeni na amani, mimi ndiye wa mwisho kutoka. Nimefikiria boti ya Bukavu. Nimefikiria hata kuvuka mupaka kwa miguu na nyundo yangu tu. Lakini nikikimbia watajua nilidanganya, watarudi kwa miti, na kabla ya miti watapita Katoyi, watamukuta mama yako ameshika kopo la maji.

Nimemwambia ahamie kwa shemeji zake kwa muda. Anakataa. Anasema, "Nani atamwagilia?" Siwezi kumueleza sababu, kwa hiyo ninakwenda kila jioni mapema, nakaa naye, nasimulia yale ya lava, anacheka mahali pale pale anapochekaga, halafu anasema, "Kasereka, mbona unakonda?" Namwambia ni kazi.

Nakuuliza kitu ambacho nilipaswa kukuuliza ukiwa hai. Ulipokuwa unapanda kule peke yako, unapita vizuizi, unalala kwa watu usiowajua, uliogopa? Mimi niliwaambia watu wote kwamba mupwa wangu haogopi kitu. Sikukuuliza hata siku moja. Sasa nafikiri uliogopa kila mara, ukanyamaza, ukafunga viatu. Ningejua, ningekuja nikae na wewe pale chini ya miti, nisiseme kitu. Ndiyo, hata mimi ningeweza kunyamaza kidogo.

Neema anasema mbegu zimeanza kuanguka na hizi mvua. Amechukua wanawake wa kijiji, wanaokota chini ya miti mama, wanachambua, wanaweka kwenye vikapu vyenye majivu kama ulivyowafundisha. Anasema anahitaji msimu uishe, na kwamba akizipata hizo, kilima kinaweza kuanza tena hata mahali pengine, hata kama siku moja hiki kitanyolewa. Aliniuliza, "Papa, una uwezo wa kuwazuia mpaka hapo?" Nikamwambia, wewe binti, mimi nimewazuia wakubwa kuliko hao. Halafu nilikata telefone haraka kabla hajaniuliza ni nani hao.

Sina mashini, Kavira. Mvua zikipungua, watakuja kuzichukua, na mimi nitafungua mikono itakuwa mitupu. Sijui kitakachofuata. Usiku nimejaribu kujitengenezea hadithi ya kuniokoa na zote zinafika pale pale zinakatika.

Barua hii siiachi nyumbani. Nitakuja nayo makaburini sasa hivi, wakati watu ni wengi njiani, nitapitia Katindo karibu na kambi, pale yule wa pikipiki hapendi kusimama. Nitakusomea kwa sauti ya chini, kisha nitaichoma juu ya mawe, maana mutu akiiokota atajua sina kitu, na mbegu hazijaanguka zote.

Lala vizuri, mutoto wa dada yangu. Nisalimie nyanya yako. Nakuahidi hivi: nitafungua atelye kila asubuhi, nitachonga mahali wanaponiona, nitawaongezea maneno kila watakapouliza, na mama yako hatajua mpaka Neema anitumie habari kwamba kikapu cha mwisho kimefungwa. Kama siku hiyo nitakuwa bado na nguvu ya miguu, nitamuchukua mama yako kwa mukono, tutaondoka. Kama sitakuwa nayo, Neema ameshaambiwa aje amuchukue yeye, asinitafute mimi.

Ni mimi mujomba wako, anayeogopa sana, na ambaye bado yuko hapa.

Kasereka